Kipaji cha Mtoto ni Amana: Tunachojifunza kwa Lulu

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika mkutano wa mwaka na harambee ya wana Kilwa na Pwani ya Lindi waishio Dar es Salaam



Kila mwaka Kamati ya Fedha ikisimama hapa, watu hutoka nje kununua maji. Mnajua tutasoma mapato, tutasoma matumizi, tutawataja wenye ahadi ambazo hazijalipwa. Hesabu hizo zimo katika kijitabu hiki, kila mtu atazisoma kwa nafasi yake. Leo tumeomba dakika chache kuzungumza jambo jingine, ingawa mtaona kwamba nalo linarudi kwenye daftari. Tunataka kuzungumza habari za mtoto mmoja ambaye nchi nzima ilimwona akikua kwenye televisheni.

Jina lake ni Elizabeth Michael. Wengi wenu hamlijui kwa jina hilo. Mkisikia Lulu, mnamjua.

Vijana wetu waliozaliwa na simu mkononi hawatuamini tukiwaambia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilipoanza ITV. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi huku tulikuwa na redio. Elizabeth alizaliwa Dar es Salaam mwezi Aprili 1995, yaani yeye na televisheni ya Bara ni rika moja. Akiwa bado mtoto mdogo aliingia katika kundi la Kaole, lililokuwa likirusha maigizo yake ITV. Jina la Kaole ni lile lile la magofu ya Bagamoyo, ndugu wa magofu yetu ya Kisiwani na Songo Mnara. Humo walikuwamo watu wazima ambao baadaye wakawa majina makubwa ya filamu za Kitanzania, na katikati yao alikuwamo huyu binti mdogo, akisema maneno yake bila woga.

Huku kwetu habari hizo zilifika kwa taabu. Hadi mwaka 2003, kabla ya Daraja la Mkapa, mvua ikinyesha tulikaa Rufiji tukisubiri kivuko, na wengine walilala hapo. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam, na ndugu zetu wa mjini wakawasha televisheni zao kwa gesi ya kisiwa chetu. Sisi nyumbani tulikusanyika penye jenereta, watoto mbele, wakubwa nyuma, tukatazama maigizo hayo hayo. Kwa hiyo Lulu hakuwa mgeni kwetu. Watoto wa Kivinje na Masoko walimwona wakasema, kumbe mtoto kama sisi anaweza.

Maigizo ya televisheni yalipoanza kupoa, wasanii wengi wa Kaole walihamia kwenye filamu za kanda, halafu za sidii, zilizouzwa sokoni na stendi za mabasi. Lulu alihamia nao. Alipofika umri wa miaka kumi na mitano, kumi na sita, nchi nzima ilimchukulia kama mtu mzima. Magazeti ya udaku yalimwandika kama mtu mzima. Watu walimsengenya kama mtu mzima. Lakini kwa hesabu ya kalenda alikuwa bado mtoto, na kwa sheria ya nchi pia alikuwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Haisemi isipokuwa awe maarufu.

Yaliyotokea mwezi Aprili 2012 mnayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 7, mwigizaji Steven Kanumba alifariki dunia nyumbani kwake Sinza, na Lulu alikuwapo. Watu walijaa viwanja vya Leaders na makaburi ya Kinondoni kumsindikiza marehemu. Mama alimpoteza mwanawe, na hakuna hotuba ya kupunguza hilo. Mungu amrehemu. Lulu alishtakiwa kwanza kwa mauaji, baadaye shtaka likawa kuua bila kukusudia, akapata dhamana mwezi Januari 2013. Kesi ilisikilizwa mwaka 2017, na tarehe 13 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilimtia hatiani, ikampa kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitolewa kumalizia adhabu yake nje, kwa kufanya kazi za jamii. Mahakama imesema, adhabu imetumikiwa, sisi hatukuja hapa kuifungua kesi upya.

Tunataka mlione jambo moja ndani ya kesi hiyo ambalo wengi walilipita. Kabla mahakama haijafika kwenye swali la nini kilitokea usiku ule, ilibidi kwanza isimame kwenye swali dogo: huyu binti ana miaka mingapi? Hati ya mashtaka ilimtaja kuwa na miaka 18. Upande wa utetezi ukasema hajafika. Kati ya mtu wa miaka 18 na mtu ambaye hajatimiza kuna tofauti kubwa: ni mahakama ipi imsikilize, ni utaratibu upi ufuatwe. Suala la umri likapanda hadi mahakama za juu, miezi ikapita. Fikirini: mtoto ambaye mamilioni ya watu walimwona akikua kwenye kioo mwaka baada ya mwaka, na bado mawakili wanabishana alizaliwa lini.

Kama hilo lilimfika mtoto wa Dar es Salaam aliyejulikana nchi nzima, mtoto wetu wa Mitole, wa Kiranjeranje, wa kisiwani Songo Songo, ambaye hajulikani hata wilayani, itakuwaje?

Tuwape haki yake Lulu kwa jambo jingine. Hakukaa chini. Mwaka 2013, kesi ikiwa bado juu yake, alitoa filamu ya Foolish Age. Ikafuata Mapenzi ya Mungu, ambayo mwaka 2016 ilishinda huko Lagos kama filamu bora ya Afrika Mashariki katika tuzo kubwa za filamu za Afrika. Akarudi pia darasani, akasoma chuo. Waliokuwa wamemfunika na jamvi kabla hajafa walishangaa. Sisi tunasema, mtoto aliyeanza kazi kabla hajajua kuandika vizuri, akapita moto kama ule, akasimama, anastahili kutazamwa kwa heshima. Lakini si kila mtoto atakayeanguka atasimama. Ndiyo maana tunasema leo, mapema.

Neno letu ni hili: kipaji cha mtoto ni amana. Si mali ya baba, si ya mama, si ya mjomba aliyemleta mjini, si ya mwenye kamera. Ni mali ya mtoto, na sisi wakubwa tumewekewa tuitunze hadi mwenyewe afike umri wa kuishika. Wazee wetu wa dini wanajua uzito wa neno amana. Sisi wahasibu tunajua kwamba amana isiyo na daftari haina ushahidi. Waswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala hesabu si jambo la kuletewa kwetu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe karne nyingi kabla ya Mreno kufika, na sarafu hizo zimeokotwa hadi visiwa vya kaskazini mwa Australia. Mji uliopima dhahabu ya Sofala hauwezi kushindwa kuandika malipo ya mtoto anayeigiza.

Mnaweza kusema tunaongeza chumvi. Basi tuangalie wenzetu wenye filamu za miaka zaidi ya mia. Marekani kulikuwa na mtoto aitwaye Jackie Coogan. Mwaka 1921 aliigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, akawa mmoja wa watoto mashuhuri duniani. Alipata mamilioni ya dola. Alipokua na kuulizia fedha zake, zilikuwa zimekwenda, na sheria ya wakati huo ilisema pato la mtoto ni la wazazi. Mwaka 1938 ilibidi amshtaki mama yake mzazi na baba yake wa kambo. Alichoambulia ni kama dola 126,000. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya California ya mwaka 1939 inayobeba jina lake. Tangu mwaka 2000 sheria hiyo inalazimisha asilimia 15 ya pato la mtoto msanii iwekwe kwenye akaunti ambayo hakuna wa kuigusa hadi atimize miaka 18.

Na hata baada ya sheria, mambo hayakuisha. Gary Coleman, yule mtoto mchekeshaji wa tamthilia ya Diff'rent Strokes iliyoanza mwaka 1978, naye alikua akakuta fedha zimeliwa. Aliwashtaki wazazi waliomlea pamoja na meneja wake mwaka 1989, na mwaka 1993 mahakama ikaamuru alipwe zaidi ya dola milioni moja. Akashinda kesi, akakosa wazazi. Hiyo ndiyo hasara isiyoandikwa kwenye mizania.

Mahesabu ya Lulu ni siri yake na nyumba yake, hatukuja kuyapekua wala hatusemi kwamba yake yalipotea. Tunasema tu kwamba mtoto akianza kuingiza fedha, nyumba hugeuka. Baba aliyekuwa akitafuta kazi huacha kutafuta. Mjomba aliyepotea hupatikana. Shule huonekana inapoteza muda. Na hakuna hata mmoja kati yao aliye mwizi. Kila mtu anakula kidogo, na mtoto anapenda ndugu zake wale. Siku ya kuhesabu ndipo inaonekana kwamba kidogo kidogo ya watu kumi ni kapu zima.

Ndugu zetu, hili si jambo la Dar es Salaam tena. Zamani mtoto wa Kilwa ili aonekane ilibidi avuke Rufiji. Leo televisheni ni simu. Kuna watoto huko nyumbani wanaochekesha, wanaoimba, wanaocheza ngoma, wanarekodiwa kwa simu ya kaka mtu, na video zinatazamwa hadi Muscat. Tunazipokea kwenye makundi yetu ya WhatsApp, tunacheka, tunatumiana. Tunauliza mara ngapi: huyu mtoto leo alikwenda shule? Kama video inaleta fedha, inaingia kwenye simu ya nani? Ile nguo aliyovaa na maneno aliyofundishwa kusema, akiwa na miaka ishirini atafurahi kuyaona?

Sheria yetu imeshasema mengi. Umri wa kuanza kazi nyepesi ni miaka 14, na kazi hiyo isimzuie kwenda shule wala isimdhuru. Kazi za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mtoto hazimhusu. Na mtoto anayefanya kazi ana haki ya kulipwa kulingana na kazi yake. Mtoto wa chini ya miaka 14 basi acheze maigizo kama sehemu ya kujifunza, shuleni, madrasa, kwenye sherehe. Asiwekwe mbele ya kamera ili alishe nyumba. Na mkataba, mtoto hawezi kuusaini akaufunga mwenyewe. Mzazi au mlezi ndiye anayesaini, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayepaswa kuusoma, na kama haujui, aulete kwa anayeujua. Chama hiki kina wanasheria. Kina wahasibu. Tupo, na kwa mtoto wa nyumbani hatutozi.

Kwa hiyo Kamati ya Fedha inapendekeza mambo matatu, na harambee ya mwaka huu ielekezwe hapo.

La kwanza ni vyeti vya kuzaliwa. Tangu mwaka 2017 mikoa ya Lindi na Mtwara imo katika mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Hao wadogo wanahitaji tu mzazi wa kuwapeleka. Tatizo letu ni hawa waliovuka umri huo bila cheti, walioko darasa la nne, la sita, kidato cha kwanza. Hao wana ada, wana barua ya kijiji, wana nauli ya kwenda wilayani na kurudi. Mama wa kisiwani analipa mashua kabla hajapanda gari. Tunaomba mfuko uwasaidie hao. Cheti ndicho kinachomtambulisha mtoto mbele ya shule, ya benki, na Mungu aepushe, mbele ya hakimu.

La pili ni akaunti. Benki zetu kubwa zina akaunti za watoto. Tunapendekeza kwamba mtoto yeyote ambaye chama hiki kitamsaidia kwa kipaji chake, awe mwimbaji, mwigizaji au mchezaji mpira, robo ya kila anacholipwa iingie katika akaunti yenye jina lake, na daftari likaguliwe mara moja kwa mwaka na watu wawili wasio wa nyumba hiyo. Tupige hesabu ya mfano. Kijana wa miaka 14 analipwa shilingi 20,000 kwa siku, anafanya kazi siku nne kwa mwezi, za mapumziko. Hiyo ni shilingi 80,000. Robo yake ni 20,000. Kwa miezi 48, hadi atimize miaka 18, ni shilingi 960,000, hatujahesabu faida ya benki. Si utajiri. Lakini ni ada ya kuanzia chuo, ni cherehani, ni kamera yake mwenyewe. Na nyumba imebaki na robo tatu, haiwezi kulalamika kwamba imenyimwa.

La tatu ni shule na mlezi. Tunaomba tuzisaidie shule zetu za msingi na sekondari kuwa na vikundi vya maigizo vyenye mwalimu anayejulikana, ili mtoto mwenye kipaji akionekana, aonekane akiwa ndani ya uzio wa shule. Na mtoto akiitwa mjini kwa kazi hiyo, chama kimpe mlezi, mama mmoja wa nyumbani anayejua anakaa wapi, analala saa ngapi, anarudi na nani. Zamani binti akitoka Kilwa kwenda mjini alikabidhiwa kwa shangazi, na shangazi aliulizwa. Turudishe utaratibu huo wa kuulizwa.

Watu watauliza fedha zitatoka wapi. Tumepiga hesabu ya mtu wa kawaida. Tukipatikana watu 500, kila mmoja akatoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi milioni sita. Shilingi elfu moja ni vocha. Mwenye uwezo wa elfu kumi atoe, mwenye uwezo wa laki tutamwombea dua zaidi, lakini tunapenda zaidi elfu moja inayokuja kila mwezi kuliko laki iliyoahidiwa ikabaki kwenye kipaza sauti. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Kila shilingi itakayoingia itaandikwa, na mwakani mtaletewa kwa jina la kijiji na idadi ya vyeti, si kwa maneno.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zetu, sisi ni watu wa pwani na tunajua lulu inatoka wapi. Inakaa ndani ya chaza, chini, kimya, miaka. Anayeiwahi kabla haijakomaa anaua chaza na hapati lulu. Huko nyumbani kwa sasa kuna mtoto anayechekesha wenzake chini ya mwembe, hajui kwamba tunamzungumza hapa. Akija kujulikana, akute ana cheti chake, ana akaunti yake, ana darasa lake na ana mtu wa kumuuliza amelala wapi.

Ahadi ni deni. Kalamu ziko mezani, mama zetu wa kamati wanapita na fomu.